Mbwa Wako Analipwa Kubweka

Saa 12 na nusu asubuhi, kichochoro chochote cha Kisauni au Bombolulu hapa Mombasa, mkokoteni wa maji unapita. Magurudumu yanalia, mitungi inagongana, msukumaji anahema. Nyuma ya geti mbwa anaruka, anabweka hadi mate yanamtoka, makucha yanakwaruza bati. Mkokoteni unaendelea na njia yake. Mwenye nyumba anageukia upande wa pili wa mto akinung'unika, na mbwa anarudi kivulini mkia juu. Kwa hesabu yake kazi imefanyika: kamwona adui, kamfokea, adui katoweka. Hajui kwamba mwuza maji alikuwa na safari zake na angepita hata kama nyuma ya geti lile angekuwako paka. Yeye mshahara wake ameshaupokea.

Baada ya mkokoteni huja kijana wa mkate na baiskeli yake, wanafunzi, mama wa mboga, bodaboda mbili, mtu wa taka, fundi anayeuliza nyumba ya fulani iko wapi. Tuseme ni wapita njia 40 tu kwa siku. Kwa mwezi ni mara 1,200 mbwa kabweka na akaona ameshinda. Ndiyo maana ukali wa getini hauishi wenyewe kwa umri. Unakomaa, kama ufundi wowote unaofanyiwa mazoezi kila siku.

Watu wengi Mombasa hufuga mbwa ili abweke, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu wanafurahi mtoto wa mbwa anapoanza kufoka, wanamsifu, kisha baada ya miaka miwili hawalali. Mbwa anayebwekea kila kitu halindi kitu. Mwizi akija usiku wa manane, sauti itakayosikika ni ile ile iliyompokea mama wa mboga mchana, na hakuna jirani atakayeinua kichwa. Hatutafuti mbwa bubu. Tunatafuta anayetoa taarifa mara mbili au tatu, kisha akakuachia wewe uamuzi. Huyo akibweka kwa dakika nzima, mtaa mzima unajua kuna jambo.

Kabla ya kurekebisha, jua unachorekebisha

Kubweka si ugonjwa mmoja. Mbwa mpweke aliyefungiwa hubweka kwa mdundo ule ule kwa saa nzima, hata kama hakuna mtu njiani. Anayetaka kucheza huruka huku kiuno chote kikitikisika. Anayelia pamoja na adhana ya alfajiri hana ubaya wowote: sauti ndefu inayopanda na kushuka humwita naye aitikie kama anavyoitikia mbwa mwenziwe wa mbali, na kumchapa kwa hilo ni kumwonea bure.

Ukali wa kulinda mipaka una alama zake. Unatokea mahali maalumu: getini, ukutani, mlango wa jikoni, ndani ya gari. Unaanza mtu akikaribia na unakoma akiondoka. Nje ya eneo lake, kwa mfano ufuoni au kwa daktari wa mifugo, mbwa huyo huyo aweza kuwa mpole kabisa. Na kwa kawaida hauonekani utotoni. Huchomoza mbwa anapopevuka, kati ya mwaka 1 na miaka 3. Ndiyo sababu watu husema, "Alikuwa mzuri, sijui kapatwa na nini." Hakupatwa na kitu. Amekuwa mtu mzima na amekuta geti lina kazi ya kufanya.

Chini ya ukali huo mara nyingi kuna woga, na hili wengi hawataki kulisikia kuhusu mbwa waliyemnunua kwa bei. Mtazame mwili, usisikilize sauti pekee. Anayejiamini huegemea mbele, mkia umesimama wima na mgumu, macho yamekaza, mdomo umefungwa kabla ya kubweka. Mwoga hurukia geti kisha hurudi nyuma, tena na tena. Masikio yamelala, mkia umeshuka, weupe wa jicho unaonekana pembeni, analamba pua, anapiga miayo bila usingizi. Manyoya ya mgongoni yakisimama hayakwambii ni hasira au hofu. Yanasema tu kwamba damu imechemka. Mwoga ndiye anayeng'ata kwa nyuma, kwenye kisigino au muundi, mgeni akishampa kisogo.

Kwa siku 7 weka daftari. Andika saa, nani alipita, alikuwa umbali gani mbwa alipoanza, alibweka kwa muda gani, na nini kilimnyamazisha. Ikiwa unashinda kazini, acha simu ya zamani dirishani irekodi. Utagundua mambo usiyoyatarajia: kwamba tuktuk hazimsumbui ila mikokoteni humtia wazimu, au kwamba kelele zote ni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, na kwamba mchana mbwa unayemlalamikia amelala fofofo chini ya mwarobaini.

Na mtazame afya. Joto na unyevu wa pwani huyaharibu masikio, hasa ya mbwa wenye masikio yaliyolala, na mbwa mwenye sikio bovu hana subira na yeyote. Kupe husababisha homa na uchovu. Nyonga ikiuma, mbwa hujilinda kwa meno. Mtulivu wa miaka mitano akibadilika ghafla ndani ya wiki, daktari kwanza, mafunzo baadaye. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Paracetamol na ibuprofen humdhuru mbwa, na nyingine humwua.

Geti ndilo mwalimu mbaya

Mbwa hawezi kufundishwa jioni kwa dakika tano ikiwa asubuhi yote geti linamfundisha kinyume. Anza na ujenzi.

Geti la nondo au la mabati yenye nakshi za matundu ni sinema ya bure. Lizibe hadi kimo cha mita 1.8, au zaidi ikiwa mbwa ni mrukaji. Bati ni imara lakini chumvi ya bahari huila upesi, kwa hiyo mwambie fundi apake rangi ya kuzuia kutu hata kwenye kingo alizozikata, si usoni tu. Neti nzito ya kivuli ni nafuu na hupitisha hewa, ila ifungwe kwa waya kila sentimita 30, maana pepo za kusi zikivuma neti iliyolegea itapigapiga kutwa na utakuwa umemletea mbwa kitu kipya cha kubwekea. Makuti yanapendeza, lakini mbwa wa miezi minane atayatafuna.

Chini ya geti ndipo watu husahau. Mwanya wa sentimita 15 unatosha pua na meno, na watoto hupita pale na ndala. Ukiuziba kabisa, mvua za masika zitageuza ua kuwa bwawa. Dawa yake ni nondo za kulala, au bamba lenye matundu madogo, nafasi isizidi sentimita 5.

Kama kiwanja kinaruhusu, weka ua wa pili wa ndani, mita 2 kutoka geti kubwa, wenye mlango mdogo wa bawaba za springi unaojifunga wenyewe. Mgeni akiingia geti la kwanza bado hajafika kwa mbwa, na mbwa hafiki tena getini. Kitu hiki kimoja huzuia watu kung'atwa kuliko mafunzo yote nitakayoyataja, na siachi kushangaa jinsi watu walivyo tayari kulipia kamera nne kabla ya kulipia kijimlango. Mita ya maji nayo ihamishiwe nje ya ua huo. Msomaji mita hana sababu ya kukutana na mbwa wako.

Wanaoishi ghorofani Tudor au Mikindani, roshani ndiyo geti lenu. Ziba nusu ya chini ya vyuma, na mbwa asiachwe pale peke yake.

Kisha kuna desturi ya kumfungia mbwa kwenye banda mchana kutwa na kumwachia usiku "awe mkali". Kweli atakuwa mkali. Mbwa aliyekaa saa 12 ndani ya mita mbili za mraba, akisikia kila hatua asiweze kuona wala kunusa, hutoka usiku akiwa kama chupa ya soda iliyotikiswa. Hachagui tena: soja wa zamu, mtoto wa nyumbani aliyetoka msalani, paka, wote sawa. Mnyororo ni mbaya zaidi, hasa ukifungwa karibu na geti, kwani mbwa anaona, anataka, anafika mwisho wa mnyororo, shingo inavutwa. Kila mpita njia sasa ameunganishwa na maumivu ya shingo. Mbwa anayetolewa kwa kamba dakika 30 alfajiri, pwani maji yakiwa yamekupwa na ufuo bado mtupu, hurudi akiwa na habari za kutosha puani kumtosha asubuhi nzima. Ambaye hatoki kamwe huona ua wake kuwa ndio dunia, na dunia lazima ilindwe.

Mkeka na neno "hodi"

Pwani hatusimami kimya mlangoni. Tunabisha hodi. Kwa hiyo neno lililokwisha kuwa mwako wa moto kwa mbwa wengi ndilo zuri kuligeuza.

Tafuta mkeka mkuukuu au gunia lililokunjwa. Uweke barazani au uani, angalau mita 5 kutoka geti, mahali ambapo geti halionekani. Andaa kitoweo: gramu 100 za maini ya kuku yaliyochemshwa bila chumvi, yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi. Dagaa wakavu pia wanafaa, ila walowekwe na kusuuzwa kwanza, maana wengine wana chumvi na wote wana mchanga. Mifupa ya kuku iliyopikwa isikaribie. Huvunjika kuwa vijiti vyenye ncha. Punguza chakula cha jioni kidogo ili mbwa asinenepe. Kitoweo kisizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku.

Siku za kwanza hakuna hodi wala mgeni. Dondosha kipande mkekani. Mbwa akikanyaga, kingine. Akikaa, viwili. Akilala, vitatu, kimoja baada ya kingine. Dakika 5, mara mbili kwa siku, kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 11 jioni. Katikati ya mchana wa kaskazi hata wewe huwezi kujifunza. Siku ya tatu au ya nne utatandika mkeka naye atakutangulia.

Sasa sema "hodi" wewe mwenyewe, kwa sauti ya chini, ukiwa umesimama kando yake. Hesabu moja kimoyomoyo. Kisha tupa kipande mkekani. Rudia mara 10 hadi 15 kwa kipindi. Mpangilio huo ndio kila kitu: neno, nukta, chakula. Mkono ukienda mfukoni kabla ya neno, mbwa atajifunza kutazama mfuko, na neno halitakuwa na maana yoyote. Wengi hukosea hapa bila kujua, na ukiwarekodi kwa simu wanacheka wenyewe.

Mbwa anaposikia "hodi" na kichwa kikageukia mkeka kabla hujatupa kitu, panda ngazi. Mtu wa nyumbani aseme kutoka chumba kingine. Kisha kutoka uani. Kisha nje ya geti, bila kugonga. Kisha agonge kidogo kwa kidole. Halafu agonge kwa kufuli juu ya bati, ile sauti inayopasua masikio ambayo wageni wetu huipenda. Na mwisho atikise komeo. Kila kimojawapo ni somo zima, usiviunganishe viwili siku moja. Mbwa akifaulu mara 8 kati ya 10, endelea. Akishindwa mara mbili mfululizo, rudi nyuma ngazi moja, na hakuna aibu yoyote katika kurudi.

Baada ya watu wa nyumbani, rafiki anayejulikana. Baada yake asiyejulikana sana. Mwambie asimtazame mbwa machoni, asimame ubavu, asiinue mikono. Kuhusu mkokoteni, kuna njia isiyo na ufundi mwingi: nunua mitungi miwili, ongeza kitu kidogo, umwombe mwuza maji apite mbele ya nyumba mara tatu, polepole, na kurudi. Atakuona una wazimu lakini atapita. Wewe uko na mbwa ndani, mbali kiasi kwamba anasikia magurudumu, masikio yanasimama, lakini bado anaweza kula. Hicho ndicho kipimo. Mbwa anayekataa maini ya kuku amevuka mstari; hajifunzi tena, anapambana. Rudi nyuma mita tano, au rudi ndani kabisa.

Somo la pili ni "basi". Mbwa akibweka, mwache mara mbili au tatu, hiyo ni kazi yake. Nenda getini kwa mwendo wa kawaida, chungulia kweli, kisha sema "basi" mara moja, tulivu, na udondoshe kipande chini karibu na mguu wako, upande ulio mbali na geti, ili alazimike kuligeuzia mgongo. Neno hili nalo lifundishwe kwanza ndani ya nyumba pasipo na kelele. Ukilisema mara tano kwa mfululizo limekufa, tafuta jingine.

Utaulizwa kama huku si kumlipa kwa kubweka. Mwanzoni yapo maneno hapo, kwani mbwa mjanja hujifunza kubweka ili uje, useme, utoe. Ukiona anakutazama wewe huku akibweka, ndio huo. Dawa yake ni kulipa zaidi kimya: mpita njia apite, mbwa ainue kichwa asibweke, na wewe uwe pale na vipande vitatu. Baada ya wiki chache kimya kiwe na faida kubwa kuliko kelele.

Kumfokea hakusaidii. Ukipiga kelele dirishani "nyamaza wee!", kwa masikio yake umejiunga na jeshi. Ndala, fimbo, mawe, maji ya baridi, na zile kola zinazopiga shoti huweza kumnyamazisha siku hiyo, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Mbwa haunganishi maumivu na sauti yake mwenyewe. Anayaunganisha na aliyekuwa mbele ya macho yake wakati huo, yaani mpita njia. Ulikuwa na mbwa asiyewapenda wachuuzi, sasa una mbwa mwenye ushahidi kwamba wachuuzi huleta maumivu. Na usimwadhibu kwa kunguruma, hata mbele ya wageni unaowaheshimu. Kunguruma ni king'ora. Ukikikata, moto bado upo; mtu atang'atwa bila onyo, kisha wote waseme "aling'ata ghafla".

Geti likizibwa vizuri, kelele hupungua ndani ya wiki 2. Mafunzo yenyewe huhitaji wiki 6 hadi 8 za kila siku, na kwa mbwa wa miaka sita aliyezoea, zaidi. Kutakuwa na kurudi nyuma: fataki za mwaka mpya, harusi ya jirani yenye vipaza sauti siku tatu, au umesafiri na aliyebaki hakuziba geti.

Meno yakihusika

Kuna mstari ambao ukivukwa, makala hii haitoshi. Ikiwa mbwa amemng'ata mtu na kutoboa ngozi, amemrukia mtoto, au anamgeukia mtu wa nyumbani anapozuiwa getini, tafuta daktari wa mifugo na mtu anayefanya kazi ya tabia za mbwa bila kipigo. Kuhasi kuna faida zake, hupunguza kuzurura na kupigana na madume wengine, lakini usitarajie kwamba kutaondoa ukali wa getini; kwa mbwa mwoga huenda kusibadilishe kitu. Dawa za kila siku za kupunguza wasiwasi zipo, huandikwa na daktari, na nyingi huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha matokeo. Dawa ya kusinzisha ni kitu kingine: baadhi humlegeza mwili bila kumwondolea hofu, na mbwa anayeogopa huku hawezi kukimbia ni hatari.

Wakati huo avalishwe kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kile ambacho ndani yake anaweza kufungua mdomo wote, kuhema na kunywa. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo hakifai kwa joto letu, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Kwenye nyuzi 32 aweza kuzimia. Usimvalishe siku ya kwanza kwa nguvu. Paka maini yaliyopondwa ndani ya kikapu, mwache aingize pua mwenyewe, toa. Siku kadhaa hivyo. Kisha funga ukanda sekunde 5, kisha 30, kisha dakika 10 akiwa anatembea. Wiki moja hadi mbili zinatosha kwa mbwa wengi. Na wageni wakija, mbwa huyo awe nyuma ya mlango uliofungwa. Kikapu ni tahadhari ya pili, ya kwanza ni mlango.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, tazama saa. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa amechanjwa na hata kama jeraha ni mkwaruzo, kwa kuwa dalili za ugonjwa huu zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa asiuawe wala asihamishwe: afungiwe aangaliwe siku 10, na ofisi ya mifugo ya kaunti ijulishwe. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi mateni siku aliyong'ata, na daktari aweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Chanjo ya mbwa mwenyewe huanza akiwa na miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Weka cheti mahali unapoweza kukipata usiku. Na mbwa mpole anayegeuka mkali ghafla, sauti ikabadilika, mate yakamtiririka, akashindwa kumeza, huyo si wa mkeka na maini. Usimguse. Piga simu ofisi ya mifugo.

Mtaa nao una haki

Methali ya mchezea mbwa kuingia naye msikitini haikutungwa bure. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wako mwema aliyeponyoka getini na kumlamba mzee kwenye kanzu akielekea swala ya magharibi hajafanya mzaha. Amemrudisha nyumbani, na pengine amemkosesha swala ya jamaa. Dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba na wa kuwinda, na wapo wanaokubali mlinzi wa nyumba kwa msingi huo, kwa hiyo mara nyingi ugomvi si kuwepo kwa mbwa bali kukosa adabu kwa mwenye mbwa. Kamba ya mita 1.5 hadi 2, kila mara, hata kwa hatua kumi hadi dukani. Usimtoe dakika zile watu wanamiminika kutoka msikitini. Ukikutana na mtu kichochoroni, wewe ndiye wa kupisha, na mbwa akae upande wa ukuta.

Zungumza na majirani kabla hawajazungumza nawe. "Mama Fulani, samahani kwa kelele za asubuhi, tumeanza kumfundisha, tupe miezi miwili, na ukiona akikesha nipigie" hufanya kazi ambayo kanuni za kelele za mwaka 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, hazitaifanya kwa wepisi huo. Jirani asiyeambiwa kitu hujitafutia ufumbuzi, na nyama yenye sumu hurushwa juu ya ukuta bila hodi. Mbwa anayelala uani nyuma ya nyumba badala ya getini huisikia mitaa kidogo na hurushiwa vitu kidogo.

Limebaki bango. Nusu ya mageti ya mji huu yameandikwa MBWA KALI, na walimu wa Kiswahili wameshachoka kusema ni mkali. Tatizo langu nalo si sarufi. Maneno hayo hayamwambii mgeni afanye nini, na mgeni asiyejua afanye nini hutikisa komeo na kuingiza mkono atafute kufuli. Andika kwa herufi za sentimita 5, kimo cha macho, juu ya kengele: USIFUNGUE GETI. PIGA KENGELE, NGOJA UITIKIWE. Chini yake namba ya simu inayopokelewa.